Tumbili, birika na breka: kwanini shoti ndogo inazima jumba zima

Tarehe 7 Juni 2016, saa 5:29 asubuhi, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kule Kenya, kwenye mto Tana, akadondokea transfoma. Transfoma ikatripu, mashine nyingine za hapo hapo zikaelemewa nazo zikatripu, zikaondoka megawati zaidi ya 180 kwa mpigo na nchi nzima ikawa giza. Hii sio stori ya kijiweni, KenGen wenyewe, kampuni ya kuzalisha umeme yenye hicho kituo, ndo walitoa taarifa. Watu walicheka weee, na mpaka leo umeme ukikatika nchi nzima, iwe Kenya iwe huku kwetu Bongo, lazima atokee mtu aulize leo nani tena kapanda transfoma, na wale wakali zaidi wanakwambia hakuna cha tumbili wala nini, hiyo hujuma, kamnyama kadogo vile katazimaje nchi? (Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa wanaouliza.)

Swali ni la haki kabisa. Na unalo nyumbani kwako pia. Umepanga chumba na sebule Tabata, nyumba ina wapangaji wanne, LUKU moja. Jirani wa chumba cha mwisho kachomeka birika lake la umeme la bei ya machinga, limepiga shoti paaa, wote mmezimikiwa, mechi iko dakika ya 80. Wewe na birika la jirani wapi na wapi? Mbona isizime chumba chake tu?

Maswali yote mawili majibu yake yapo kwenye fani moja ambayo wahandisi wanaiita kodinesheni ya ulinzi. Hiyo fani ina ndugu yake mkorofi anaitwa aki flashi, na huyo haishii kukuzimia taa, anachoma watu. Mimi kazi yangu ni rilei, vile vifaa vinavyoziamuru breka zikate, nimekaa nazo miaka, na kitu ninachokiona kila siku ni watu kujifunza moja ya hizi mbili na kuiacha nyingine, wakati zenyewe zinagombana. Nitafika huko kwenye ugomvi, twende taratibu kwanza.

Tuanze na maneno. Shoti ni umeme kupata njia ya mkato: ulitakiwa upite kwenye pasi au mota, ufanye kazi, urudi, sasa waya mbili zimegusana kabla haujafika, hakuna cha kuuzuia, unamiminika wote. Ova-lodi ni kitu kingine, hapo umeme unapita njia yake halali ila mzigo umezidi, kama daladala ya watu 30 iliyojaza 60, itatembea, ila mbele ya safari kitu kitapasuka. Breka ni swichi inayojikata yenyewe ikiona kimoja kati ya hivyo viwili. Breka ya nyumbani ina akili yake humo humo ndani. Kwenye viwanda vikubwa na laini kubwa breka mara nyingi ni misuli tu, akili iko kwenye rilei, ambayo inausoma umeme kupitia CT, lile duara linalovishwa kwenye kebo kama bangili, na ikiona mambo hayaendi inaamuru breka ikate. Setingi ni maagizo uliyoipa rilei: zikipita ampea ngapi uanze kushtuka, na usubiri muda gani kabla hujakata.

Hilo neno "usubiri" ndo limebeba kila kitu kwenye makala hii.

Chukulia ugomvi wa mtaani. Watu wamegombana usiku, wa kwanza kuitwa ni mjumbe wa nyumba kumi. Akishindwa inaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akishindwa kwa mtendaji wa kata, mpaka ifike kwa DC. Sasa DC akiwa anavamia kila ugomvi wa chumbani na difenda mbili, mtaa mzima utafungwa kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Sio kwamba DC hajasikia, kelele anazisikia vizuri, ila ameagizwa asubiri kidogo ampe mjumbe nafasi. Na mjumbe akiwa kalala fofofo, DC lazima afike, hawezi kusema hayo ni mambo ya nyumba kumi. Breka zinatakiwa ziishi hivo hivo. Iliyo karibu na tatizo ikate kwanza, ya juu yake isubiri, na ya karibu ikikwama ya juu ichukue kazi. Mpangilio huo wa nani anamsubiri nani, na kwa sekunde ngapi, ndo kodinesheni.

Turudi kwa birika. Mafundi wengi watakwambia mbona hiyo rahisi, weka kubwa juu ndogo chini, 63 pale mein na 20 kwenye soketi, imeisha hiyo. Haijaisha. Breka ya nyumbani ina vitu viwili ndani: kuna kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja ambacho kinapata joto taratibu na kujikunja, hicho ni cha ova-lodi, alafu kuna koili ya sumaku inayoruka papo hapo, hiyo ya shoti. Breka ya aina C (angalia ubavuni imeandikwa C20, C32, hiyo C sio urembo) sumaku yake inaruka umeme ukifika mara 5 mpaka 10 ya namba yake. Kwahiyo ile ya 20 inaruka mahali fulani kati ya ampea 100 na 200, ile ya 63 kati ya 315 na 630. Sasa tuseme nyumba iko karibu na transfoma na birika limepiga shoti ya ampea 1,000. Hiyo elfu moja imezidi 200, na imezidi 630 pia! Zote mbili zimeshtuka wakati mmoja, hakuna anayemsubiri mwenzake, ni mbio za milisekunde na mshindi hatabiriki, leo inakatika ya soketi peke yake, kesho zinaondoka zote. Kwenye ova-lodi ile kanuni ya kubwa juu ndogo chini inafanya kazi vizuri tu, kwenye shoti kali inakuangusha, na huwezi kujua mpaka upige hesabu ya shoti ya pale pale ni ampea ngapi.

Alafu kuna ile mein yenye kitufe kimeandikwa T. Hiyo wala haijali ukubwa wa umeme, inalinganisha unaokwenda na unaorudi, tofauti ikifika miliampea 30 inakata, maana hizo zilizopungua huenda zinapita kwenye mwili wa mtu. Nyumba nyingi imefungwa moja tu pale mwanzo, kwahiyo pasi ikivujisha kidogo chumba cha mwisho, nyumba nzima giza. Sio mbovu, ndo ilivyofungwa. Ukitaka vyumba vitenganishwe kila kundi la soketi lipewe yake na ile ya juu iwe aina S, ambayo inachelewa kwa makusudi. Mwenye nyumba akisikia bei anabadilisha mada.

Na tafadhali, hii ya "breka ilikuwa inatripu kila siku fundi kaweka kubwa sasa imetulia" tuiache. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, ukiwekewa breka ya 63, breka imeacha kuwa fyuzi na waya ndo umekuwa fyuzi, tena fyuzi iliyolazwa juu ya silingi bodi.

Sasa twende kwenye umeme mkubwa ambako mambo yananoga. Rilei nyingi za zamani na za sasa zinafuata kanuni ya kibinadamu kabisa: tatizo kubwa kata haraka, dogo vumilia. Kuna mstari wa kawaida wa IEC, wale wa viwango vya umeme vya kimataifa, ambao kila mtu wa rilei anaujua, ukiweka kipimo cha muda kwenye 1, umeme ukiwa mara 2 ya setingi inakata baada ya sekunde 10 hivi, ukiwa mara 10 inakata baada ya sekunde 3. Ukishusha kipimo mpaka 0.1 hizo zinakuwa sekunde 1 na sekunde 0.3. Kazi ya mhandisi ni kuichora mistari ya breka zote kwenye karatasi moja, ya mota, ya fida (laini inayopeleka umeme sehemu moja ya kiwanda), ya mein, ya upande wa kV 11 (volti 11,000), na kuhakikisha haikatizani, kila moja imeachana na mwenzake kama sekunde 0.3 au 0.4. Vijana wananiuliza kwanini 0.3, kwanini isiwe 0.05 tukafanya haraka. Kwasababu breka yenyewe inahitaji muda kufunguka na kuuzima moto wa ndani yake, rilei zina makosa yake madogo, CT nazo zina yake, na unataka kibakie kiakiba. Ukibana sana, DC anafika kabla mjumbe hajavaa viatu.

Kwa mtindo huo piga hesabu: breka ya mota inakata papo hapo, ya fida inasubiri 0.3, ya mein 0.6, ya juu kule kV 11 sekunde 0.9. Kila ukipanda ngazi muda unaongezeka. Kumbuka hilo, tutalirudia kwa machungu.

Gitaru sasa. Transfoma ilivyokatwa pale mwanzo, ulinzi ulifanya kazi yake, transfoma ya ukubwa ule ikiungua ni miezi na mabilioni. Balaa lilianza baada ya hapo. Mzigo uliokuwa unabebwa na mashine iliyotoka haukupotea, uliangukia walioko jirani, nao wakaelemewa, kila mmoja akajilinda mwenyewe akatoka. Megawati 180 sio kitu kidogo, wakati huo Kenya nzima kwa saa za juu kabisa ilikuwa inatumia kama 1,600, kwahiyo ni kama sehemu moja ya tisa ya nchi imeondoka kwa kupepesa macho. Umeme ukipungua ghafla hivo mashine zilizobaki zinapungua kasi, ile 50 Hz, yaani mizunguko 50 ya umeme kila sekunde, inaanza kushuka, na kuna rilei kazi yake ni kuitazama hiyo namba tu, ikishuka zinakata baadhi ya maeneo haraka ili wengine wapone. Ndo maana wakati mwingine mnakatiwa ghafla bila taarifa, sio chuki, mmetolewa kafara. Ikishuka haraka kuliko hizo rilei zinavyopunguza mzigo, ndo nchi nzima inaondoka. Kwahiyo hakuna breka iliyokosea ukiiangalia peke yake, ila kwa pamoja tumbili kashinda.

Aki flashi

Umeshamuona fundi wa kuchomelea mageti. Ule mwanga wa bluu unaotoka kwenye fimbo yake ndo aki, umeme unaruka hewani, yaani hewa yenyewe imepata joto mpaka imegeuka waya. Mashine yake inatoa kama ampea 100 au 150 tu na bado ukiikodolea macho bila kioo, usiku unalala na macho yamejaa mchanga.

Sasa chukua transfoma ya kawaida ya kiwanda, kVA 1,000, volti 400. Ikibeba mzigo wake kamili inatoa ampea 1,443. Kwenye kibao chake imeandikwa impidansi (jinsi yenyewe inavyouzuia umeme) asilimia 5, na hiyo namba ndogo watu wanaipita bila kuisoma, kumbe ndo inayokwambia shoti itakuwa kubwa kiasi gani: 1,443 gawanya kwa 0.05, unapata kama ampea 28,900. Fundi kafungua paneli ya mein ikiwa na umeme, spana imemponyoka imegusa basba mbili, vile vyuma vya shaba vinavyobeba umeme ndani ya paneli. Aki yenyewe haitabeba zote 28,900, kwenye volti ndogo inaweza ikabeba hata nusu, ila hata nusu hiyo ni mashine za kuchomelea karibu mia moja zimewashwa ndani ya kabati la chuma, na mlango uko wazi upande wako.

Joto la aki linaweza kupita nyuzi 19,000, wakati uso wa jua ni kama 5,500. Shaba ya basba inageuka mvuke, na shaba ikigeuka mvuke inatanuka mara 67,000 (maji yakiwa mvuke ni mara 1,670 hivi, na unajua mfuniko wa sufuria unavyoruka). Kwahiyo sio moto tu, ni bomu: mlango wa paneli unang'oka, shaba iliyoyeyuka inarushwa, mwanga unapofusha, sauti inapasua ngoma ya sikio. Na hukugusa umeme. Hapo ndo watu wengi wanachanganya, wanadhani hatari ya umeme ni kupigwa, kumbe unaweza ukasimama mita nzima, mikono mfukoni, na ukaungua vibaya.

Hata huko Marekani walichelewa kulielewa. Mhandisi Ralph Lee aliandika mwaka 1982 kwamba aki ni hatari ya pili ya umeme, na kabla ya hapo karibu mazungumzo yote yalikuwa kupigwa na umeme. Hesabu zinazotumika sasa zipo kwenye kiwango cha IEEE 1584 (IEEE ni chama cha wahandisi wa umeme), kilitoka 2002 kikafanyiwa marekebisho makubwa 2018. Kinachohesabiwa ni kalori ngapi za joto zinafika kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako ukiwa umesimama mahali pa kufanyia kazi. Kalori 1.2 zinatosha kuanza kukutoa malengelenge. Hiyo ndo mstari wa mpaka, namba za kalori kwenye vile vibandiko vya rangi ya chungwa vya kwenye paneli zinalinganishwa na 1.2.

Na hizo kalori zinaamuliwa sana na kitu kimoja: muda. Aki ikikaa mara mbili ya muda, joto ni mara mbili. Kwenye mfano wa transfoma yetu, nikipiga hesabu kwa njia ya 1584 ya mwaka 2002 mtu akiwa sentimita 61 kutoka kwenye basba, sekunde 0.6 zinanipa kama kalori 18. Zile zile ampea, nikikata kwa sekunde 0.06, ni kalori 1.8.

Umeona tulipofika? Ile 0.6 ndo muda tuliompa breka ya mein asubiri kwa ajili ya kodinesheni. Spana ikianguka kwenye basba ya mein, breka za fida hazioni kitu maana ziko chini ya tatizo, wa kukata ni mein peke yake, na mein tumemwambia asubiri. Kodinesheni inasema vumilia ili kiwanda kisizime chote, aki flashi inasema kata sasa hivi mtu anaungua. Wote wako sahihi. Mwanafunzi aliyefundishwa moja tu atakuwekea setingi nzuri sana zinazoua, au salama sana zinazozima kiwanda kila mota ikiwashwa.

Kuna mambo ya kitaani hapa lazima niyaseme. "Hiyo ni volti 400 tu, hatari ni laini kubwa": hapana, paneli ya volti 400 iliyobandikwa miguuni pa transfoma kubwa inaweza kuwa na kalori nyingi kuliko ya kV 11, kwasababu ampea ni nyingi na mara nyingi hakuna rilei ya maana, na watu wanaifungua kama friji. "Nina glavu": glavu za mpira ni za kuzuia kupigwa, uso na kifua nani kavilinda? Alafu zile rifleksta za kijani za bei rahisi ambazo mgeni akifika kiwandani anavishwa kwa ajili ya usalama, nyingi ni poliesta tupu, zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Nimeona mameneja wamepiga picha mbele ya paneli iko wazi, wote wamevaa hizo, wanatabasamu.

Na ile suti nene ya kujikinga na aki, ya kalori 40, inayofanana na ya mtu wa anga haijakupa ruhusa ya kwenda kupigana na basba. Inapunguza kuungua, haizuii mlipuko kukurusha ukutani.

Jenereta ndo inamaliza watu

Hii ningeomba isomwe mara mbili maana kwetu huku kila kiwanda kina jenereta. Akili ya kawaida inasema jenereta ni ndogo kuliko gridi, shoti yake ni ndogo, kwahiyo hatari ni ndogo. Jenereta ya kVA 500 mzigo wake kamili ni ampea 722. Ikipigwa shoti, baada ya ule mshtuko wa mwanzo, yenye mfumo mzuri inaweza kushikilia kama mara 3 ya hapo, ampea 2,100 na ushee. Breka ya mein umeiseti ukiwa unafikiria gridi ya ampea 28,900, tuseme safari hii umeiambia iruke papo hapo zikifika 12,800. Sasa umeme umekatika, mko kwenye jenereta, spana ile ile imeanguka. Ampea 2,100 kwa breka hiyo ni kama mota inawaka tu, inakaa inaangalia. Aki inaendelea sekunde moja, mbili, tatu. Joto dogo mara muda mrefu ni joto kubwa. Ndo maana kwenye hesabu tunapitisha hali zote, gridi, jenereta, vyote viwili, na tunachukua iliyo mbaya zaidi, na mara nyingine mbaya zaidi ndo yenye ampea chache.

Niliwahi kuitwa kiwanda kimoja, breka ya mein haijawahi kutripu miaka minne, wanajisifu. Naingia chumba cha swichi, vumbi la unga limejaa mpaka kwenye vioo vya mita, kwenye rilei kuna kipande cha selotepu ya karatasi kimeandikwa kwa maka pen USIGUSE. Nikatoa ile selotepu. Kwenye mchoro wa wale waliojenga, muda ni sekunde 0.3. Kwenye rilei yenyewe ni 1.2, na ile ya kukata papo hapo imezimwa kabisa. Kumbe walileta mota kubwa, mota ikiwaka inavuta kama mara 6 ya umeme wake kwa sekunde kadhaa, ikawa inatripu zamu ya usiku, fundi wa zamu akafanya alichoweza na uzalishaji ukaendelea. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ile setingi ya muda ndo inayoamua yeye mwenyewe ataungua kalori ngapi.

Kuna njia za kuwapatanisha hawa ndugu wawili. Ya kwanza ni breka kupeana taarifa, yaani ile ya chini ikiiona shoti inatuma ishara juu "nimeiona, subiri", na ya juu isipopata ishara yoyote inajua tatizo liko kwangu, inakata bila kusubiri, mjumbe kampigia DC simu. Nyingine ni vijicho vya mwanga ndani ya paneli, vinaona ule mwako, rilei inahakikisha na umeme umepanda kweli, inaamuru kukata ndani ya milisekunde chache, hizi mimi nazipenda sana na bei yake siku hizi sio ya kutisha ukilinganisha na paneli mpya. Ya bei rahisi kabisa ni swichi ya matengenezo: mafundi wakiingia wanaigeuza, mein inakuwa na hasira ya papo hapo kwa masaa hayo, wakitoka inarudishwa. Kiwanda kinaweza kuzima chote kwa kosa dogo katikati ya hiyo kazi, sawa, kizime. Na kabla ya zote hizo kuna kuzima umeme, kupiga kufuli na kuweka tegi yenye jina lako, alafu kuhakikisha na testa: jaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme, kisha ulipozima, kisha rudi kwenye umeme tena, maana testa nayo inaweza kuwa imekufa katikati.

Mafunzo sasa, maana wengi mnauliza wapi mtu anasomea hivi vitu. Chuo kinakupa msingi, usajili wa ERB (bodi ya wahandisi) na leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) ni lazima zake, ila mtu wa rilei anatengenezwa baada ya hapo. Kozi za siku tatu hotelini zipo, unakaa na laptop yenye programu za hizi hesabu, ETAP au PowerFactory, unabonyeza, grafu za rangi zinatoka, unapewa cheti na picha ya pamoja. Programu zenyewe ni nzuri mno, nazitumia kila wiki, shida ni kwamba ukiidanganya haigombi. Ukiiambia kebo ni mita 50 wakati ni 180, inakupa jibu zuri lenye desimali tatu.

Mimi naanza na karatasi ya logi, ile ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyopita, na penseli. Chora mstari wa fyuzi, wa breka, wa rilei, kwa mkono, ukosee, ufute. Baada ya siku mbili mtu anaona kwa macho kwanini mistari ikikatizana ni balaa. Kisha shoti kwa kikokotoo, ile 1,443 gawanya 0.05, mpaka iwe kama kujumlisha. Kisha mchoro wa kiwanda chenyewe, sio wa kwenye faili, ule unaopatikana kwa kutembea na tochi ukifuata kebo, na hii wanaichukia kwasababu ni jasho na mende. Kompyuta inakuja hapo. Setingi zikishapatikana zinaingizwa kwenye rilei, na rilei inapigwa umeme wa majaribio kuona kweli inakata kwa muda ulioandikwa, maana karatasi haikati umeme. Na kila kitu kikibadilika, transfoma mpya, mota mpya, jenereta mpya, hesabu zinarudiwa.

Mtihani wangu wa mwisho haujawahi kubadilika. Nawasimamisha mbele ya paneli, mlango umefungwa, nauliza: spana ikianguka hapa nani anakata, baada ya sekunde ngapi, na tukiwa kwenye jenereta je? Wengi wanakimbilia laptop. Mwaka jana kuna binti mmoja hakunijibu kabisa, aliuliza jenereta iko wapi, akatoka nje kwenda kusoma kibao chake. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na bodi lote, ikabidi tutafute tina.